Pampu ya umeme au ya kimekanika: kisa cha mashua ya matanga iliyobadilishiwa pampu kabla ya ugonjwa kujulikana

## Chombo na njia yake ya mafuta

Chombo ni mashua ya matanga ya faiba, urefu wa mita 10 hivi, iliyokwisha kuvuka miaka 30. Ndani mna injini ya dizeli ya silinda 3, nguvu za farasi 20 na ushee, inayotumika kuingia na kutoka bandarini na kusukuma chombo upepo unapolala. Wenye chombo ni mtu na mkewe, na husafiri wawili tu bila baharia mwingine. Mume ana mkono mzuri wa umeme. Injini huiachia fundi. Chochote cha kuwatambulisha kimeondolewa, kwa hiyo humu ni Nahodha, mkewe na Fundi tu.

Mafuta yanaanzia kwenye tangi la lita 80 lililo chini ya sakafu ya nyuma, chini kuliko injini kwa karibu nusu mita. Yanafyonzwa kwa mrija unaoshuka hadi karibu na kitako cha tangi, na mdomoni mwa mrija huo kuna wavu mdogo ambao hakuna aliyekuwa akiukumbuka. Kutoka hapo yanapita kwenye koki, kisha chujio la kwanza lenye bilauri ya kukusanyia maji, kisha mpira hadi kwenye pampu ya kuvutia iliyofungwa ubavuni mwa injini. Baada ya pampu kuna chujio la pili lililo laini zaidi, pampu ya nozeli, nozeli zenyewe zinazonyunyizia mafuta ndani ya silinda, na mrija wa kurudisha ziada tangini.

Jambo la kushika tangu sasa ni hili: kila kilicho kabla ya pampu kiko kwenye mvuto. Tundu la upande huo halidondoshi mafuta nje, linanyonya hewa ndani. Unaweza kupangusa viungo vyote kwa kitambaa cheupe na kitambaa kikabaki cheupe. Kilicho baada ya pampu kiko kwenye msukumo, na huko tundu hujionyesha lenyewe.

Pampu ya asili ilikuwa ya kimekanika. Mkono wake unaingia ndani ya injini na kusukumwa na kemshafti, mhimili wenye vijinundu unaozungushwa na injini; mkono huo unavuta kiwambo cha mpira, springi inakirudisha, na valvu mbili ndogo zinayazuia mafuta yasirudi yalikotoka. Shinikizo linatokana na ugumu wa springi, ndiyo maana halipandi hovyo hata injini ikikimbia. Upande mmoja wa kiwambo kuna dizeli, upande wa pili kuna mvuke na matone ya oili ya injini, na kinachozitenganisha ni mpira huo tu. Zipo pampu zenye kitundu cha kuvujia nje ili kiwambo kikipasuka mtu aone dizeli ikitiririka ubavuni. Hii haikuwa nacho.

## Dalili

Injini ilikuwa ikiwaka vizuri asubuhi. Ikishakwenda kwa mwendo wa safari kwa dakika 20 hadi 30, sauti ilianza kupanda na kushuka, kisha inakohoa na kuzimika. Nahodha alikuwa akisubiri kidogo, anaminya kijimkono cha pampu, kile cha kuvutia mafuta kwa kidole injini ikiwa imesimama, mara kadhaa, anawasha, na safari inaendelea kwa muda mwingine wa namna hiyo hiyo. Chombo kikilala upande au bahari ikichafuka, muda ulikuwa mfupi zaidi.

Vichujio vyote viwili vilibadilishwa. Nafuu ikaja, ikaondoka. Ndani ya bilauri palikuwa na maji kidogo na vipande vyeusi vyembamba, vikamwagwa na hakuna aliyeuliza vimetoka wapi.

Kulikuwa na dalili ya pili ambayo haikuhesabiwa kuwa dalili. Kijiti cha oili kilikuwa kikionyesha juu kidogo ya alama ya juu. Nahodha alidhani alijaza kupita kiasi mara ya mwisho alipobadilisha oili, na kwa kuwa kinachotisha watu ni oili kupungua, iliyozidi ikaachwa.

## Uamuzi wa kwanza: zote mbili kwa pamoja

Kufikia hapo Nahodha alikuwa ameshaamua kwamba pampu imechoka. Sababu zake hazikuwa za kijinga. Ukiminya kijimkono injini inawaka, kwa hiyo pampu ndiyo isiyovuta. Pampu ni ya umri wa injini. Na kijimkono chenyewe kipo nyuma ya altaneta, mahali pa kufikiwa kwa vidole viwili huku shavu limelala kwenye bomba la moto. Tena kemshafti ikisimama pale inapousukuma mkono wa pampu hadi mwisho, kijimkono kinakuwa kitupu, huna pa kuminya mpaka uizungushe injini kidogo.

“Fundi, nimechoka na hiyo pampu,” alisema. “Niwekee ya umeme, nifungue swichi upepo ulioingia kwenye mafuta utoke wenyewe.”

“Nahodha, ya umeme nitakufungia. Lakini hii usiitoe. Umeme ukikatika baharini utaikumbuka.”

Wakakubaliana katikati. Pampu ndogo ya umeme ya volti 12, ile inayopiga tak-tak-tak, ikafungwa kati ya chujio la kwanza na pampu ya zamani. Pampu za aina hiyo hupitisha mafuta hata zikiwa zimezimwa, kwa sababu valvu zake zinafunguka kuelekea upande huo huo wa mtiririko. Kwa hiyo ya zamani ingeendelea kuvuta kupitia ndani yake. Waya ukatolewa moja kwa moja kwenye ufunguo wa injini. Ufunguo ukiwa wazi, pampu inapiga.

Katika hatua hii Fundi alifanya jambo moja la maana sana ambalo karibu lipite bila kuonekana. Nahodha alikuwa amekuja na pampu ya gari la petroli lenye mfumo wa sindano, ya shinikizo la bar 3. Fundi aliikataa. Pampu ya kuvutia ya dizeli ndogo haina kazi ya kuzidi bar 0.2 hadi 0.4. Ukiipa pampu ya nozeli shinikizo lisilo lake, sili zake zinaweza kuachia na dizeli ikaingia kwenye oili kwa njia nyingine kabisa. Wala wingi wa mafuta haukuwa shida: injini ya ukubwa huu, kwa mwendo wa kawaida, inakula lita 2 hivi kwa saa, na hakuna pampu ya sokoni isiyoweza kutoa hizo mara nyingi zaidi.

Alifanya na jambo la pili, bila kulitilia maanani. Kabla ya kufunga mipira mipya alipuliza hewa kwa pampu ya miguu kurudi tangini, kusafisha njia. Wakasikia mapovu yakigugumia ndani ya tangi. Injini ikawashwa, ikakaa saa nzima bila kukohoa. Sifa zote zikaenda kwa pampu mpya.

## Wiki nzuri, kisha jioni ya oili

Wiki kadhaa zikapita salama. Kisha ikaja siku ambayo walitweka matanga tangu adhuhuri na injini ikazimwa. Ufunguo haukufungwa. Nahodha alikuwa amefunga kipima kina mwenyewe miaka ya nyuma na kukichukulia umeme kwenye paneli ya injini. Ukifunga ufunguo, namba za kina zinapotea. Kwa hiyo ilikuwa desturi yao kuuacha wazi wakiwa kwenye matanga. Kabla ya pampu ya umeme desturi hiyo haikuwa na madhara yoyote. Siku hiyo pampu ilipiga mchana kutwa chini ya sakafu na kelele za upepo na maji zikaifunika.

Kwa kawaida yao mke ndiye anayekagua injini kabla ya kuingia mlango wa bandari. Alipochomoa kijiti, oili ilikuwa imepanda vidole viwili juu ya alama na ilikuwa ikitiririka kwenye kijiti badala ya kuning’inia. Alidondosha tone kwenye karatasi ya jikoni. Katikati pakabaki doa jeusi, na kulizunguka likatambaa duara pana, jepesi, la rangi ya chai, lenye harufu ya dizeli.

Nahodha alitaka kuwasha dakika 10 tu za kuingilia. Mkewe akakataa, akamwonyesha karatasi. Upepo ulikuwa mdogo na jua linazama. Wakatia nanga nje ya mlango, wakalala hapo, wakaingia kwa tanga asubuhi.

Kukataa kule ndiko kulikookoa injini. Oili iliyochanganyika na dizeli haishiki kwenye beringi, hilo linajulikana. Lisilojulikana sana ni kwamba injini ya dizeli iliyojaa oili nyepesi inaweza kuifyonza kupitia bomba lake la kupumulia na kuichoma kama mafuta. Ikifika hapo inakimbia yenyewe, mwendo unapanda usikotaka, na kuvuta kebo ya kuzimia hakusaidii kwa kuwa mafuta inayoyala hayapiti tena kwenye pampu ya nozeli. Dawa ni kuiziba pumzi yake, yaani mlango wa kuingizia hewa, na watu wachache sana wanaweza kulifanya hilo gizani bila kukatwa au kuungua.

Sampu ya injini hii, yaani bakuli la oili lililo chini yake, hubeba lita 3.5. Zilitolewa karibu 6.

## Uchunguzi

Pampu ya zamani ilifunguliwa mezani. Ukikitazama kiwambo kikiwa kimetulia, ni kizima. Ukikivuta kwa kidole kama mkono wa pampu unavyokivuta, ufa unafunguka karibu na sahani ya katikati, urefu wa ukucha. Mpira ulikuwa umekakamaa na kupoteza unyumbufu. Ufa huo ulikuwepo kabla ya pampu ya umeme kufungwa, na ile oili iliyozidi alama ndiyo ushahidi. Pampu ya zamani peke yake ilikuwa ikivujisha kidogo kidogo, injini ikiwa inakwenda tu. Ilipopata mwenzake wa kuisukumia mafuta kwa nyuma, saa baada ya saa, injini ikiwa imesimama, ufa ukawa mfereji.

Oili na chujio lake vikabadilishwa, injini ikazungushwa kidogo, vikabadilishwa tena. Pampu ya zamani ikaondolewa, tundu lake likazibwa kwa bamba na gasketi. Sasa pampu ya umeme ikabaki peke yake. Injini ikawaka vizuri. Baada ya dakika 25, ikaanza kupanda na kushuka, ikakohoa, ikazimika.

Yaani ugonjwa ule ule wa mwanzo.

Hapo ndipo kipimo kilichopaswa kuwa cha kwanza kikafanywa. Dumu la dizeli safi liliwekwa kando ya injini na mpira mfupi ukaunganishwa moja kwa moja kwenye pampu, tangi na chujio la kwanza vikiachwa nje ya mchezo. Injini ikakaa zaidi ya saa moja kwa mwendo wa safari, haikuyumba. Kumbe pampu haina kosa, nozeli hazina kosa, na kila kilicho baada ya pampu hakina kosa. Mwizi yuko kati ya tangi na pampu.

Njia ya kawaida ikarudishwa, ila kipande cha mpira unaoonyesha ndani kikawekwa kabla ya pampu, pamoja na geji ya mvuto. Dakika za mwanzo geji ilisimama kwenye bar 0.05, ambayo ni karibu na ile inayohitajika kuinua dizeli nusu mita. Ikawa inapanda polepole. Ilipofika karibu bar 0.2, vipovu vidogo kama vya soda vikaanza kupita kwenye mpira. Ilipovuka 0.3 injini ikazimika. Wakasubiri bila kugusa kitu. Mshale ukashuka wenyewe.

Makosa yalikuwa mawili yakishirikiana. Wavu wa mdomoni mwa mrija ulikuwa umevaa utando mweusi wenye utelezi, ule unaoota pale dizeli inapokutana na maji kitakoni mwa tangi. Injini ikivuta, utando unabanwa kwenye wavu. Injini ikizimika, unalegea na kudondoka. Ndiyo maana muda ulikuwa ukirudia, na ndiyo maana chombo kikilala upande na kukoroga kitako cha tangi muda unafupika. La pili, oringi (pete ya mpira ya kuzibia) ya kifuniko cha chujio la kwanza ilikuwa imebanwa ikapata bapa, na kila chujio lilipobadilishwa ilirudishwa hiyo hiyo. Kwa mvuto mdogo ilikuwa ikishikilia. Mvuto ulipopanda kwa sababu ya wavu, ikaanza kupitisha hewa.

Wiki zile nzuri zilitokana na pampu ya miguu ya Fundi. Aliupuliza utando ukatoka kwenye wavu, ukakaa muda kabla ya kurudi.

Uchunguzi ulitoa na kitu cha ziada. Mita ya umeme ilionyesha volti 13.9 kwenye betri na 10.6 kwenye pampu, injini ikiwa inakwenda. Zaidi ya volti 3 zilipotelea kwenye viungo viwili vya waya vilivyosokotwa na kufungwa utepe, karibu na maji ya ngama, yale yanayokusanyika kitakoni mwa chombo, shaba ikiwa imeshakuwa kijani. Pampu ilikuwa ikipiga kwa ulegevu na hakuna aliyekuwa na sauti ya kuilinganishia.

## Uamuzi wa pili

Mrija ulitolewa, wavu ukaondolewa kabisa (chujio la kwanza lipo kwa kazi hiyo, na ni mahali panapofikika), tangi likafunguliwa na kusuguliwa, oringi mpya ikawekwa. Baada ya hapo injini ingeenda vizuri kwa pampu ya aina yoyote. Kwa hiyo swali la pampu likaulizwa upya, safari hii bila haraka.

Fundi alitaka kurudisha ya kimekanika, mpya. Hoja yake kubwa ni ile ya umeme kukatika, na ina uzito, lakini lazima ipimwe kwa injini iliyopo. Injini hii haiwashwi kwa mkono. Bila betri haiwaki, uwe na pampu gani. Tofauti inakuja ikishawaka: ya kimekanika itaendelea hadi mafuta yaishe, hata fyuzi zote zikiungua, kwa kuwa injini hii inazimwa kwa kebo. Ya umeme itasimama mara fyuzi yake inapokatika. Kwa mtu anayekwenda siku nyingi mfululizo mbali na nchi kavu, na umeme wake ni wa mashaka, tofauti hiyo peke yake ingetosha kumaliza mjadala.

Nahodha alitaka ya umeme, na sababu zake za sasa zilikuwa bora kuliko za mwanzo. Ikifa, unajua: mlio umekoma. Kuibadilisha ni klipu mbili, waya mbili na bisibisi, kazi anayoiweza yeye mwenyewe chombo kikiwa kinayumba. Pampu ya akiba ni ndogo, inakaa kwenye droo. Ya kimekanika ikifa kwa namna ile iliyokufa hii, haina mlio wa kukoma. Inaharibu oili kimyakimya, na kuibadilisha ni kufanya kazi nyuma ya altaneta ya moto.

Njia ya tatu, ya kubaki na zote mbili, ilikataliwa na kila mtu. Kama ingehitajika kweli, ingefaa ya umeme iwe kwenye tawi lake lenye koki, ifunguliwe pale tu ya kimekanika inapotengwa.

Wakachagua ya umeme peke yake, kwa masharti. Ikahamishiwa chini, usawa wa tangi, kwa sababu pampu hizi zinasukuma vizuri kuliko zinavyovuta. Ikabaki baada ya chujio la kwanza, si kabla. Ukiiweka kabla, inayasaga maji na dizeli pamoja na bilauri haiwezi tena kuyatenganisha. Gharama ya chaguo hilo ni kwamba chujio linabaki upande wa mvuto, ndiyo maana geji ya mvuto iliachwa hapo moja kwa moja. Mipira yote ikawa ya mafuta inayostahimili moto. Waya mpya wa milimita za mraba 2.5, uliopakwa bati, na fyuzi yake yenyewe.

Kazi iliyochukua muda mrefu zaidi ilikuwa swichi ya shinikizo la oili. Nia ni kwamba pampu ipige tu injini ikiwa inakwenda. Wazo la kwanza lilikuwa kutumia swichi iliyopo, ile ya taa nyekundu ya oili. Haifai: taa inawaka shinikizo linapokosekana, maana yake swichi hiyo inafunga mzunguko injini ikiwa imesimama. Ingeiendesha pampu wakati ule ule isipotakiwa. Ikapatikana swichi ya ncha tatu: shinikizo likiwepo, pampu inakula umeme wa ufunguo; lisipokuwepo, inakula ule unaokwenda kwenye stata, yaani wakati wa kuwasha tu. Mtu asiunganishe nyaya hizo mbili pamoja bila swichi ya aina hiyo au relei. Umeme wa pampu utarudi kwenye stata na kuishika ikizunguka huku injini imeshawaka.

Kwa kutoa upepo, na kwa siku ambayo swichi ya oili yenyewe itakufa, kiliwekwa kitufe cha kubonyeza kinachorudi chenyewe. Ukikiachia, pampu inanyamaza.

## Matokeo

Injini haijazimika tena kwa tatizo la mafuta. Kiwango cha oili kimesimama palepale kati ya alama mbili. Geji ilipanda mara moja hadi bar 0.15 na chujio likabadilishwa kabla injini haijalalamika; ndani yake mlikuwa na mabaki ya utando, jambo la kutegemewa baada ya tangi kuoshwa. Kutoa upepo baada ya kubadilisha chujio sasa ni kubonyeza kitufe na kulegeza skrubu moja juu ya chujio la pili mpaka vipovu viishe.

Kipima kina kimehamishiwa kwenye fyuzi yake.

## Uchambuzi

Kosa kubwa la kisa hiki ni mpangilio wa hatua. Pampu ilikuwa na ufa kweli, kwa hiyo aliyeilaumu hakukosea kabisa, lakini alilaumu kwa kosa lisilo lake. Injini kuzimika baada ya dakika 25 kulitoka tangini na kwenye oringi. Oili kupanda kulitoka kwenye pampu. Dalili mbili zikachukuliwa kuwa moja, na ile iliyokuwa ikisema ukweli kuhusu pampu ndiyo iliyopuuzwa. Kama kijiti cha oili kingeaminiwa, pampu ya zamani ingeondolewa siku ya kwanza. Kama dumu la dizeli lingewekwa kando ya injini siku ya kwanza, tangi lingefunguliwa bila mtu kununua pampu yoyote.

Ushahidi wa kijimkono uliwapotosha wote, na bado naona mafundi wazuri wakipotoshwa nao. “Ukiminya inawaka” haina maana kwamba pampu haivuti. Ina maana kwamba baada ya kusubiri, mafuta yanapita tena. Kilichofanya kazi hapo kilikuwa kule kusubiri. Wangesubiri muda ule ule bila kuminya, wavu ungekuwa umejisafisha vilevile, ingawa hewa iliyokwisha ingia ingebaki kusumbua.

Kufunga pampu mbili kwa mfuatano kunavutia kwa sababu kunaonekana ni akiba. Si akiba mpaka uhakikishe ya kwanza ni nzima, na hata hapo uzima huo una mwisho: siku kiwambo kitakapopasuka, ya umeme itasukuma dizeli kwenye sampu kwa bidii yake yote. Fundi alisema kweli kuhusu umeme kukatika baharini. Alichoacha ni kuifungua ile pampu aliyotaka kuitunza. Ni boliti mbili. Kwa injini ya miaka 30, kuitumaini pampu ya asili bila kuiona ndani ni kubahatisha.

Ufunguo ulioachwa wazi sikuutilia lawama kubwa. Desturi ya watu wa chombo hujengwa juu ya mfumo waliouzoea, na aliyeingiza pampu inayopiga bila injini ndiye aliyepaswa kuuliza ni wakati gani mwingine ufunguo huwa wazi. Swichi ya shinikizo la oili ingekuwepo tangu mwanzo, ule mchana wa matanga usingeingiza hata kijiko cha dizeli kwenye oili. Kwenye dizeli wengi huiona swichi hiyo kuwa anasa, kwa hoja kwamba dizeli haishiki moto kirahisi. Ni kweli mvuke wake hauwaki mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50. Lakini mpira ukichomoka, pampu isiyo na swichi itahamisha tangi zima hadi kwenye ngama, na lita 80 za dizeli kwenye ngama ni balaa hata bila moto.

Injini ingekuwa ya petroli, ningeandika kisa kingine. Petroli hutoa mvuke unaowaka hata kwenye baridi kali, nao ni mzito kuliko hewa, hivyo hutua ngamani na kukaa. Kanuni za Marekani kwa boti za petroli hazimwachii mtu nafasi ya kuchagua juu ya hili: pampu ya umeme isifanye kazi ila injini inapokwenda au inapowashwa, na pampu ya kiwambo isivuje nje hata kiwambo chake kikuu kikifa. Shinikizo nalo linabana zaidi, kwa kuwa kabureta likisukumwa kupita uwezo wa sindano yake ya kuzuia mafuta hufurika.

Kuhusu chaguo la mwisho, Fundi na mimi hatujakubaliana, na sioni haja. Kwa safari za mchana na za siku mbili tatu, na nahodha anayeweza kufuatilia waya kwa mita ya umeme, ya umeme peke yake naiona sawa. Bamba la kuziba tundu lilifungwa kwa boliti zake fupi. Zile ndefu za pampu ya zamani ziko kwenye mfuko pamoja na gasketi, na Fundi ameshaandika namba ya pampu mpya ya kimekanika upande wa ndani wa kifuniko cha injini. Nahodha akianza kuzungumzia kuvuka bahari kuu, Fundi atarudi kuzifunga.